Asiye na Dhambi Hulipa Hadi Lini?

Usiku wa tarehe 21 Septemba 2000, mjini Sydney, wasichana watatu wa Romania walipanda jukwaa moja. Katikati alikuwa Andreea Răducan, mzaliwa wa Bârlad, umri wa miaka 16, uzito wa kilo 37. Alikuwa amepata pointi 38.893 katika mashindano ya jumla ya jimnastiki ya wanawake, yale ambayo mchezaji hupita kwenye farasi wa kurukia, nondo mbili, boriti na zulia, kisha alama zake zote zikajumlishwa. Fedha ilikwenda kwa Simona Amânar, 38.642. Shaba kwa Maria Olaru, 38.581, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa bingwa wa dunia. Tangu Nadia Comăneci alipotwaa taji hilo Montreal mwaka 1976, hakuna Mromania mwingine aliyekuwa amelipata.

Siku tano baadaye medali ya Andreea ikatakiwa irudishwe. Mkojo wake ulikuwa umekutwa na sudoefedrini. Daktari wa timu, Ioachim Oană, alikuwa amempa Nurofen Cold and Flu kwa sababu msichana alikuwa na mafua. Kila aliyehusika alikubali kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemwita mwongo. Shirikisho la kimataifa la jimnastiki lilimwona hana kosa lake binafsi, wala hakufungiwa kucheza hata siku moja. Akavuliwa ubingwa hata hivyo, na mpaka leo hajarudishiwa.

Swali linalonishughulisha hapa ni la dini kabla ya kuwa la michezo. Mtu asiye na dhambi anaweza kutwishwa mzigo gani, na autue lini?

Mimi ni mfamasia, Tanga, na ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niishike habari hii wakati watu wengine waliiacha ipite pamoja na Olimpiki yenyewe. Dawa ile naijua. Na kuhusu niya, kosa na fidia, nimelelewa nayasikia barazani tangu sijajua kusoma.

Nianze na dawa. Kidonge kimoja cha Nurofen Cold and Flu cha wakati ule kilikuwa na miligramu 200 za ibuprofeni na 30 za sudoefedrini. Ibuprofeni hutuliza maumivu na homa. Sudoefedrini hubana mishipa midogo ya damu iliyovimba ndani ya pua, njia ikafunguka, mgonjwa akapumua. Ukiwa na mafua na ukapewa dawa hiyo, utakachokisikia ni pua kuzibuka, mdomo kukauka, pengine moyo kudunda kidogo zaidi. Inatokana na ukoo mmoja na efedrini, na wahalifu huipika wakapata kitu kibaya kabisa, ndiyo maana nchi nyingi zimeibana madukani. Lakini kwa kipimo cha kidonge cha mafua, hakuna mtu aliyekwenda nacho kwenye boriti yenye upana wa sentimita 10 akafaidika. Mtu wa boriti anataka mkono uliotulia na moyo uliotulia.

Kuna jambo jingine ambalo mfamasia hulitazama na wengine hawalitazami. Maabara haikupima ni kiasi gani cha dawa kilichokuwa ndani ya mwili wa Andreea. Ilipima mkusanyiko wake katika kila mililita ya mkojo. Mtu mdogo wa kilo 37, aliyetoka jasho mashindano mazima na kunywa maji kidogo, mkojo wake huwa mzito. Kidonge kilekile kwa mwanamume wa kilo 90 aliyekunywa chupa mbili za maji kingeonyesha namba nyingine kabisa. Kikomo cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakati ule kilikuwa mikrogramu 25 kwa mililita. Wake ulionyesha kama 90. Mwaka 2004 sudoefedrini ikaondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Mwaka 2010 ikarudishwa, safari hii kikomo kikiwa mikrogramu 150. Maana yake ni kwamba mkojo uleule, ukipelekwa maabara leo kwa kanuni za leo, ungepita.

Naliweka jambo hili hapa mapema kwa sababu watu hulikimbilia wakadhani limemaliza mjadala. Halijamaliza. Usiku ule wa Sydney kanuni ilikuwa ile iliyokuwepo, na anayeshindana hushindana chini ya kanuni ya siku yake. Hukumu iliyokuja kupunguzwa baadaye haimwambii hakimu wa jana kwamba alidhulumu. Hoja ya kwamba kikomo kilikuwa kidogo mno naiheshimu, lakini siisimamii.

Kesi ilisikilizwa palepale Sydney, mbele ya jopo la Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na uamuzi ukatoka tarehe 28 Septemba. Mawakili walisema mengi: uzito wa msichana, namna mkojo ulivyochukuliwa, kiasi kilichoandikwa kwenye fomu na kiasi kilichofika maabara. Majaji waliyapima na kuyakataa. Walikiri kwamba uamuzi wao ungemuumiza mchezaji kijana aliyetegemea daktari wa timu yake. Lakini wakasema kanuni haitazami nani alijua na nani hakujua: kitu kikikutwa mwilini, matokeo ya shindano hilo yanafutika, na haki kwa washindani wote inataka hivyo. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Uswisi nayo ikaikataa rufaa yake.

Mwezi ule wa Septemba Baba alikuwa bado anafundisha. Habari tuliipata redioni, na mimi niliwaka. Nikamwambia Baba kwamba Wazungu hawa hawajui kabisa habari ya niya, na kwamba mtoto wa chuo chake mwenye miaka tisa angeihukumu kesi hii vizuri kuliko wao. Nilitarajia aniunge mkono. Akaniuliza kwanza msichana ana umri gani. Nikamwambia, miaka kumi na sita.

“Basi si mtoto, mwanangu,” akasema. “Usimtetee kwa utoto. Mtafutie hoja nyingine.”

Akanirudisha kwenye masomo yangu mwenyewe. Aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau, saumu yake ikoje? Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, saumu yake ni sahihi, aendelee, hana la kulipa. Kwa Maliki, kama ni saumu ya faradhi, ataidai siku ile: hana dhambi lakini atafunga nyingine. Na aliyefuturu kwa kudhani jua limekuchwa, kumbe wingu? Hapo hata kwetu atalipa. Na aliyesali akiwa na najisi kwenye nguo asiyoijua, akaiona baadaye? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, arudie sala.

“Dhambi anayo?” Baba akauliza.

“Hana.”

“Sala anayo?”

“Hana, Baba.”

“Basi umeona. Mtu anaweza kukosa vyote viwili, dhambi na sala.”

Hilo lilinikata maneno, na sikulipenda. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba dini hutazama niya tu na sheria za wanadamu hutazama tendo tu. Si kweli. Fikihi imejaa watu wasio na dhambi wanaodaiwa. Gari likimgonga mtu kwa bahati mbaya akafa, diya, fidia ya damu, inatoka. Ng’ombe wako akiingia shamba la mwenzio usiku akala mahindi, utayalipa, hata kama ulikuwa umelala fofofo na hukumtuma ng’ombe. Kosa la moyo ni habari moja, haki ya mwenzako iliyopotea ni habari nyingine. Kwa hiyo majaji wa Sydney, waliposema kwamba msichana hana hatia lakini matokeo yake hayapo, walisema jambo ambalo mwalimu wa chuo wa Tanga aliweza kulielewa mara moja.

Na kanuni yao ina sababu nzito, nzito kuliko watetezi wa Andreea wanavyopenda kukiri. Mwezi Julai wa mwaka uleule wa 2000, mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa Ujerumani Mashariki, na daktari Manfred Höppner. Kwa miaka mingi, kwa mpango wa serikali, wasichana wadogo walikuwa wamepewa vidonge vya homoni za kiume, Oral-Turinabol, wakiambiwa ni vitamini. Sauti zikawa nzito, miili ikaota nywele, wengine wakaharibikiwa matumbo ya uzazi. Wale nao hawakujua. Wale nao walimwamini daktari. Ukisema kutojua kunaokoa medali, umempa mtu kama Höppner sababu ya kumficha mtoto ukweli: kadiri mtoto asivyojua, ndivyo medali inavyokuwa salama. Kanuni inayoifuta medali bila kuuliza nani alijua humlinda mtoto na watu wazima wanaomzunguka. Romania yenyewe ilikuwa na mfumo wa kuwachukua watoto mapema, wakaishi na kufanya mazoezi mbali na wazazi wao, kama pale kambi ya Deva, ambako makocha Octavian Bellu na Mariana Bitang waliwalea mabingwa. Mtoto wa mfumo kama ule hapingi kidonge anachopewa na daktari. Hoja hii nimeitafuna miaka mingi, na sijaona wa kuivunja.

Kwa hiyo nakubali kwamba matokeo yalifutika. Nisichokikubali kiko mbele ya hapo.

Turudi kwenye ukumbi uleule, usiku uleule. Farasi wa kurukia aliwekwa chini kuliko kawaida kwa sentimita 5: 120 badala ya 125. Aliyeandaa vifaa alikosea, hakukusudia. Kwa jicho la mtazamaji sentimita 5 si kitu. Kwa msichana anayekimbia kwa kasi yote, anayepiga viganja juu ya farasi akiwa kichwa chini miguu juu, na ambaye mwili wake umekariri urefu wa 125 kwa marudio ya maelfu, sentimita 5 ni mkono unaofika hewani mahali ambapo farasi hayupo. Walianguka mmoja baada ya mwingine. Svetlana Khorkina wa Urusi, ambaye wengi walimtarajia kuwa bingwa, alitua kwa magoti. Akaenda kwenye nondo akili imevurugika, akaanguka na huko, kwenye chombo alichokuwa malkia wake. Ndipo Allana Slater, msichana wa Australia, akatazama farasi akasema kuna kitu hakiko sawa. Wakapima. Wakapandisha.

Waamuzi walifanya nini kwa waliokwisharuka? Wakawaambia: anayetaka, arudie. Baadhi walirudia, akiwamo Elise Ray wa Marekani. Khorkina hakurudia, kwa sababu kwenye nondo alishaanguka na hakuna aliyempa nafasi ya kuzirudia. Haki ile haikutimia, hata kidogo. Lakini mlango ulifunguliwa. Walijua, bila kufundishwa fikihi na mtu yeyote, kwamba tendo likibatilika bila kosa la mtendaji, mtendaji apewe nafasi ya kulitenda tena.

Hapo ndipo nilipomrudia Baba, muda mrefu baada ya mazungumzo yale ya kwanza. Aliyesali na najisi asiyoijua, sala yake imebatilika, sawa. Kisha? Anasali tena. Aliyefuturu kabla ya jua kuchwa anafunga siku nyingine. Aliyeua bila kukusudia analipa diya, anafanya kafara, anaacha huru mtumwa, na asipopata anafunga miezi miwili mfululizo. Miezi miwili, Baba. Ina mwanzo na ina mwisho. Mwezi ukiandama mara ya pili amemaliza, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumwambia endelea.

Baba alinyamaza kidogo. “Hilo ni kweli,” akasema. “Kila kinachodaiwa kina kadha yake.”

Na si kwetu tu. Torati iliweka miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Mfano uliotolewa ni wa mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata miti, shoka likachomoka kwenye mpini likamuua mwenzake. Hakumchukia, hakumvizia. Atakimbilia mji mmojawapo na atakaa humo, hana ruhusa ya kutoka. Ni kifungo, tusijidanganye, anafungwa mtu asiye na hatia. Lakini kuhani mkuu akifa, anarudi nyumbani kwake. Na Wakristo wa Kiorthodoksi, ambao ndio wengi huko Romania kwao Andreea, huomba msamaha katika sala zao kwa makosa waliyoyafanya kwa kutaka na kwa kutotaka. Basili wa Kaisaria, katika karne ya nne, alimwekea aliyeua bila kukusudia muda wa kukaa mbali na meza ya Bwana. Aliuhesabu kwa miaka, na miaka ikiisha mtu alirudi mezani.

Naona sheria hizi zote tatu, zilizotoka mahali mbalimbali na zama mbalimbali, zimekutana mahali pamoja. Hakuna iliyosema kwamba asiyekusudia haguswi. Zote zinamgusa, nyingine kwa ukali. Na zote zinamwekea kikomo, kana kwamba zinajua jinsi ilivyo rahisi kumsahau mtu huyu. Mwenye dhambi hukumbukwa, kuna mlolongo mzima wa toba, adhabu na kurudi. Asiye na dhambi hana cha kutubia, kwa hiyo asipofunguliwa mlango kwa makusudi, hana pa kupitia.

Ndivyo ilivyotokea. Daktari Oană, ambaye ndiye aliyekosea, alipewa adhabu yenye tarehe: asihudhurie Olimpiki ya Salt Lake ya 2002 wala ya Athens ya 2004. Moto wa Athens ulipozimwa, adhabu yake nayo ikaisha. Mkimbiaji aliyejichoma dawa za kuongeza nguvu kwa siri hufungiwa miaka kadhaa, akaimaliza, akarudi mbioni, na anaweza kutwaa dhahabu mpya. Andreea hakufungiwa, kwa hiyo hakuna kifungo cha kumalizika. Alivuliwa kitu ambacho hakirudiwi. Kwa mchezaji wa jimnastiki wa kike wa wakati ule, Olimpiki moja ilikuwa ndiyo umri wake wote. Mwaka 2001 huko Ghent, Ubelgiji, kwenye mashindano ya dunia, alirudi akachukua dhahabu ya timu, ya boriti na ya zulia, na shaba mbili, mojawapo ya jumla. Mtu angesema ndiyo kadha yake hiyo. Hapana. Hiyo ilikuwa sala nyingine ya wakati mwingine. Ile ya Sydney bado iko wazi. Haukupita muda mrefu akastaafu. Alisoma, akatangaza michezo kwenye televisheni, mwaka 2010 akaandika kitabu cha maisha yake, na kuanzia 2017 akawa rais wa shirikisho la jimnastiki la Romania kwa miaka kadhaa. Ni maisha yaliyojaa, wala sitaki mtu amwonee huruma kama maskini. Mwanamke aliyeongoza wasichana wengine hahitaji huruma yangu. Nasema tu kwamba anadaiwa, na deni halina tarehe.

Kuna atakayenijibu kwamba kuvuliwa si adhabu, ni kurudisha kisicho chako, na kitu kikishakwenda kwa mwenyewe hakuna tena cha kusubiri. Hili ndilo jibu lenye akili zaidi nililowahi kulisikia, na nalipokea kwa uzito wake. Basi tuulize: kilikwenda kwa nani? Dhahabu ilikwenda kwa Amânar, fedha kwa Olaru, shaba kwa Liu Xuan wa Uchina aliyekuwa wa nne. Hao ndio waliolipwa diya. Na katika diya kuna kitu ambacho aya yenyewe ya Kurani inakitaja: wenye haki wakitaka, wanasamehe, na kusamehe kwao ni sadaka. Jaji hawezi kuwalazimisha wasamehe, lakini wakisamehe hawezi kuwakatalia. Haki ni yao.

Amânar alisema hadharani kwamba aliyeshinda ni Andreea. Aliichukua ile dhahabu kwa ajili ya Romania. Msichana yule alikuwa na kila sababu ya kuitaka: mwaka 1996 huko Atlanta alipata dhahabu ya farasi, na Sydney ilikuwa Olimpiki yake ya mwisho. Jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha kanuni za jimnastiki kwa mruko wenye mizunguko miwili na nusu ambao hata leo wachache huuthubutu. Hiyo dhahabu ya jumla ingekamilisha kila kitu. Akasema si yangu. Ukitafuta katika habari hii yote tendo lenye niya safi kabisa, ni hilo. Na kanuni haikuwa na mahali pa kuliweka. Hakukuwa na fomu ya kusamehe.

Hapo Baba na mimi tulikuwa pamoja kabisa, naye ndiye aliyetangulia. Kanuni inayoniambia naipigania haki ya mshindani, kisha mshindani mwenyewe akisimama akasema nimeiachilia haki yangu ikawa kiziwi, hiyo inapigania nini?

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Kamati ya Olimpiki haiwezi kufungua kesi za zamani, vinginevyo haitalala. Lakini imeshafungua. Mwaka 2002 huko Salt Lake, katika kuteleza kwenye barafu wawili wawili, iligundulika kwamba uamuzi ulikuwa na mkono wa mtu. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakapewa dhahabu, na Warusi Yelena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wakabaki na yao. Dhahabu mbili kwa shindano moja, na dunia haikusimama. Na kabla ya hao kuna Jim Thorpe, Mmarekani wa asili aliyeshinda michezo mitano na michezo kumi huko Stockholm mwaka 1912. Mwaka 1913 akavuliwa vyote kwa kuwa aliwahi kulipwa pesa kidogo kucheza besiboli. Alikufa mwaka 1953 akiwa hana kitu. Mwaka 1982 Kamati ikaamua jina lake lirudi, pembeni ya waliopandishwa nafasi yake. Mwaka 2022 ikamtangaza kuwa bingwa peke yake.

Moja ya sababu zilizotolewa mwaka ule wa 2022 inanigusa sana. Hugo Wieslander, Msweden aliyepandishwa kuwa bingwa wa michezo kumi baada ya Thorpe kuvuliwa, hakuwahi kuikubali dhahabu ile kuwa yake. Siku zote alishikilia kwamba bingwa ni Thorpe. Familia yake ilisema hivyo, Kamati ya Olimpiki ya Sweden ikakubali, na neno la mwenye haki, lililokaa kimya kwa miaka zaidi ya mia moja, likahesabiwa. Wakati huo Wieslander naye alikuwa ameshakufa zamani.

Kwa Andreea hakuna haja ya kuwauliza wajukuu. Amânar yuko hai, Olaru yuko hai, Liu Xuan yuko hai. Kamati iwaandikie wote watatu, iwaulize kama wanaridhia jina la Andreea Răducan lirudi kwenye orodha ya mabingwa wa Sydney, huku medali zao zikibaki mikononi mwao jinsi zilivyo, dhahabu ya Amânar, fedha ya Olaru na shaba ya Liu Xuan.